Sufuria Iliyobaki Mlimani

Mama Mariette hakuwahi kuvisamehe vita, na katika yote ambayo vita vilimnyang'anya, alilolitaja mara nyingi zaidi ni sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya alumini, ya mishikio miwili, aliyopewa siku ya ndoa yake, na mkwe wake Godelive aliiacha mlimani mwaka wa tisini na tisa walipokuwa wakikimbia. Miaka minne ilikuwa imepita. Kila maharage yalipoungua katika kile kisufuria chembamba walichokipata Butembo walikokimbilia, bibi kizee alitikisa kichwa.

"Ingelikuwa ile sufuria yangu," alisema, "ingeliunguza?"

"Hapana, mama," Godelive aliitikia, akaendelea kukwangua.

Alielewa vizuri. Kambere, mwana pekee wa Mama Mariette na mume wa Godelive, alibaki nyuma siku hiyohiyo, na jina lake lilikuwa zito mno kutajwa juu ya chakula. Sufuria ilitajika kwa urahisi zaidi.

Lakini Jumatatu moja, mwezi wa saba, bibi kizee alirudi kutoka misa ya asubuhi, akaketi bila hata kuvua kitambaa cha kichwani, akasema jambo lenyewe.

"Mwana wangu, mi nimezeeka. Nimesema na padre. Samedi atasoma misa ya bafu, ya watu balikufa, juu ya Kambere. Mais lakini anataka wewe, bibi yake, ukuye mbele yake useme kama bwana yako alikufa. Mi mama hapana tosha. Anasema bibi njo anajua."

Godelive alikuwa akipanga karoti za Alimbongo ndani ya kikapu ili azipeleke sokoni. Mikono yake ilisimama. Kulisema neno lile kungekuwa rahisi kama angekuwa hajui kitu. Shida yake ni kwamba alijua, au aliamini kwamba alijua, na alichokijua hakuwahi kumwambia mtu, si padre katika maungamo, si mama mkwe, si mto wake wa kulalia.

"Mama, unipatiye mpaka vendredi, siku moja mbele ya misa," alisema. "Nataka kupanda kule juu kwanza."

"Kule juu? Ku parki? Miaka ine, mwana wangu! Utaona nini?"

"Nitaangalia njia."

Mama Mariette alivua kitambaa chake cha kichwani.

"Basi kama unaenda," alisema, "uniletee sufuria yangu."

Asiyeijua kazi ya njia atamwona Godelive mtu wa kujitesa bure, kwa hiyo tuieleze kazi hiyo. Pale Mutwanga, chini ya Rwenzori, parki, yaani hifadhi ya mlima na msitu wake, ilikuwa na kikosi cha wafyekaji waliotunza njia ya kupanda mlimani. Msitu ule hauna adabu; ukiupa kisogo miezi miwili, utakuta umelala juu ya njia kama mwenye nyumba. Wafyekaji walikuwa wanaume kumi na wawili, na mpishi wao alikuwa Godelive. Mpishi alitangulia peke yake, sufuria kichwani, ili kikosi kikifika kwenye kibanda cha kulala huko juu kikute moto. Wa mwisho kabisa alikuwa Kambere, aliyepitisha panga pale ambapo wenzake waliparuka.

Mlima ule ukinyeshewa usiku mmoja hubadilika. Njia ya jana leo ni korongo. Kwa hiyo kikosi kilikuwa na sheria: kila njia ilipogawanyika, anayetangulia alikata tawi akalilaza juu ya njia isiyofaa. Waliomfuata waliliamini tawi hata kama kumbukumbu zao zilisema vingine. Na yule wa mwisho aliliokota, akalichomeka wima kando ya njia waliyoifuata, ili atakayechelewa ajue kwamba wote wamekwisha kupita. Kulikuwa na sheria nyingine ndogo, ya kibandani: mpishi haachi sufuria yake. Ukifika ukakuta sufuria bila mpishi, amekwenda kutafuta maji au kuni. Keti, anarudi.

Watu wengine huchumbiana kwa macho. Hawa wawili walichumbiana kwa matawi. Siku moja, wakati wa kushuka, Godelive alilikuta tawi lake limesimamishwa, na kwenye ncha yake limefungwa kishada cha matungulu, yale matunda mekundu ya porini yenye uchachu. Alikula moja, akakunja uso, akacheka peke yake kama kichaa. Juma lililofuata, tawi lake alililaza na ua juu yake. Wakafunga ndoa kanisani Mutwanga, na bado alitangulia, na bado Kambere alifuata. Na katika miaka yote ile raha kuu ya Godelive ilikuwa kupanda akiwa amekaza shingo chini ya sufuria, na kusikia mbali nyuma yake panga likigonga: ka, ka, ka.

Huko Butembo aliikosa sauti hiyo kuliko alivyokosa shamba na nyumba. Mtu akipasua kuni nyuma ya ua, Godelive alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi, mpaka aliyekuwa akipasua achoke. Na asubuhi zile mvua ilipokuwa imeosha hewa, alipanda kilima kimoja cha mji akautazama mlima kwa mbali, mdogo, wa buluu, akarudi chini na karoti zake hazijauzwa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Novemba, na milio ya bunduki iliingia Mutwanga kutoka upande wa barabara. Nani alimpiga nani, waulizwe wenye vita vyao. Mwaka ule hata wapigaji walibadilisha majina kila mwezi. Kambere alisema, "Mutangulie. Nafungulia mbuzi, nakuya nyuma." Godelive alitangulia kama siku zote, na maharage yaliyokuwa hayajaiva ndani ya sufuria ya mama mkwe, kwa kuwa mpishi ni mpishi hata akikimbizwa. Nyuma yake walikuwa Mama Mariette na majirani sita, wazee na watoto.

Walipofika mahali njia inapogawanyika, alisikia sauti za watu chini, sauti asizozijua. Njia ya kulia ndiyo ya kweli. Ya kushoto ilikuwa imekatwa na poromoko la mwaka uliopita. Ukiifuata katika ukungu, unatembea vizuri, unatembea vizuri, kisha hakuna chini. Godelive aliwaacha wenzake wapite. Akakata tawi, akalilaza juu ya njia ya kulia, ile waliyoifuata wenyewe. Wenye bunduki walikuwa wakiwabebesha mizigo wenyeji, na kila mwenyeji alijua maana ya tawi. Wangekwenda kushoto.

Alitembea saa nzima, akijipongeza kwa akili yake, ndipo akakumbuka ni nani aliyekuwa nyuma.

Kurudi ilikuwa ni kuwaacha wazee na watoto mlimani bila kiongozi. Hakurudi, na hakusema. Walilala kibandani. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kama maziwa, na Mama Mariette akasema wamngoje Kambere. Godelive aliona kwa macho ya moyo wake korongo la poromoko, na mumewe chini yake.

"Hatakuya," alisema. "Tuende."

"Unajua je?"

Bunduki ililia tena huko chini, nao wakateremka upande wa pili wa kilima kwa kukimbia, ndiyo maana hata sufuria ikabaki pale sakafuni, maharage yakiwa yamebaki robo.

Na hiki ndicho kilichompeleka sasa mlimani. Tawi alilolilaza alilikata kwenye uzio wa zamani, wa watu waliolima pale kabla parki haijaweka mipaka. Ulikuwa wa ile miti ya utomvu mweupe ambayo ukichomeka tawi lake ardhini huota, hata ukilichomeka vibaya. Kambere alikuwa wa mwisho. Kambere angelisimamisha, kwa sheria, kando ya njia aliyoifuata. Kama alipita kushoto, basi kushoto kuna mti. Jibu lilikuwa limeota huko mlimani miaka minne, na Godelive alikuwa amejificha nyuma ya vita ili asiende kulisoma.

Siku ya pili alipanda pickup mpaka Beni, akashukia mtaa wa Bungulu, akapata pikipiki ya Mutwanga. Kwenye kizuizi, askari aliyetoka mbali alimuuliza kwa Kilingala, "Mama, ozokende wapi?" Alijibu, "Ku parki, kutembea tu." Askari alicheka mpaka akasahau kumpekua.

Zacharie, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wafyekaji, alikuwa sasa mkulima wa kahawa, akivuta mguu mmoja. Alimpokea kwa mikono miwili, akimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Wabukire, shemeki! Butembo hapana jua kulisha watu? Umebaki mifupa."

Kuhusu Kambere hakuwa na habari. Siku ile yeye alikimbilia upande wa barabara, na aliporudi mwaka uliofuata, hakukuta mtu wa kumuuliza. Mlimani je? Hakuna aliyepanda tangu wakati ule. Wageni walikwisha, na wenyeji waliogopa. Godelive alimwomba amsindikize, bila kumwambia sababu, na yeye hakuuliza. Alinoa panga tu.

Walianza kesho yake alfajiri. Mlinzi mmoja wa parki, asiye na sare ila kofia, aliwaandika kwenye daftari la wageni. Jina la mwisho lilikuwa la Mbelgiji wa mwaka wa tisini na sita.

Msitu ulikuwa umefanya ulivyotaka. Zacharie alifyeka mbele, kisha akachoka, Godelive akalichukua panga. Lakini miguu yake iliikumbuka njia. Ilijua jiwe la utelezi kabla ya kulifikia, ikajua mahali pa kuvuka kijito. Harufu ya kuvu na majani mabichi ilimwingia kifuani, akaona aibu kwa furaha aliyoipata, kwa kuwa hakuja kufurahi. Mara mbili aligeuza kichwa kusikiliza nyuma. Alimwona Zacharie tu, akivuta mguu na kulaani miiba.

Walipokaribia pale njia inapogawanyika, Godelive alisimama.

"Zacharie. Pale mbele kuko muti, mukubwa kidogo, unasimama peke yake. Uende uniambie iko upande gani."

"Na macho yako?"

"Yangu hapana taka."

Zacharie alikwenda. Godelive alisikia majani yakisukumwa, kisha kimya, kisha majani tena. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwambia padre. Alikufa, na mimi ndiye niliyemuua.

"Kushoto hapana kitu," Zacharie aliita. "Majani tu. Muti iko huku, kuume. Unanipita urefu."

Alikwenda akikimbia. Mti ulisimama kando ya njia ya kulia, mnene kama paja la mtoto, majani yake yakimeta kwa umande. Zacharie alipitisha kiganja kwenye gome, akainama. Karibu na ardhi palikuwa na makovu mawili ya panga, yamevimba kwa miaka, moja juu ya jingine. Kila mfyekaji alikuwa na alama yake. Mbili sambamba ilikuwa ya Kambere.

"Ona bwana yako," alisema Zacharie polepole.

Godelive aliukumbatia mti akalia kwa sauti, na pale chini yake akaeleza yote, tawi, uongo, ukimya wa miaka minne. Zacharie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha, Mungu amsamehe, akacheka.

"Shemeki! Mutu mwenye alikata njia hii kwa mukono yake, umutume mu poromoko na tawi?"

"Mais sheria inasema tuamini tawi."

"Sheria, ndiyo. Mais Kambere alijua mukono yako. Na alijua we ni mwoga. Aliona tawi, akasema, bibi yangu ameogopa, akapita."

Walipanda wakiwa wepesi. Godelive aliimba hata. Aliimba nusu saa hivi, halafu wimbo ukamwishia mdomoni, kwa sababu wazo lilikuwa limemfikia kwa mwendo wake wa taratibu: kama Kambere alipita hapa, basi siku ile alikuwa nyuma yake. Alikuwa akija. Wakati Godelive anasema "hatakuya", Kambere alikuwa njiani, labda saa tatu nyuma, labda mbili.

Aliongeza mwendo mpaka kibandani.

Nusu ya mabati ya paa ilikuwa imechukuliwa na upepo. Mlango uliegemezwa kwa jiwe, kwa nje, jinsi mtu mwenye adabu anavyoufunga. Ndani, upande uliobaki na paa, palikuwa na kuni. Hazikuwa kuni za usiku mmoja. Zilipangwa mbili huku na mbili kule, kama Kambere alivyopanga sikuzote, tangu sakafuni mpaka kwenye boriti, ukuta mzima.

Na juu yake, kwenye msumari wa boriti, ilining'inia sufuria. Ilikuwa imegeuzwa mdomo chini ili panya wasiingie, na imesuguliwa kwa mchanga mpaka mng'ao wake ulionekana chini ya vumbi.

Zacharie alizihesabu kuni kwa macho ya mtu wa kazi.

"Mutu mumoja, panga moja," alisema. "Hii ni kazi ya juma. Juma mbili pengine. Juu ya nini alikaa hapa siku zote hizo? Watu walikuwa bamekwisha kwenda."

Godelive aliishusha sufuria, akaishika mapajani. Yeye alijua ni kwa nini. Kambere alifika, akamkuta hayupo, na akaiona sufuria sakafuni, maharage ndani. Akayala. Akaiosha. Halafu akaketi kumngoja, kama sheria isemavyo, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, akakata kuni ili mpishi akirudi asihangaike. Tawi alilolilaza kwa makusudi, mumewe hakuliamini hata kidogo. Sufuria aliyoisahau, aliiamini siku baada ya siku, mpaka kuni zikafika kwenye boriti.

"Zacharie," alisema, "aliningojea mimi."

Zacharie alivua kofia. Hakukuwa na mfupa pale, wala damu, wala nguo. Kulikuwa na mlango uliofungwa vizuri na mtu aliyeondoka kwa miguu yake. Kwenda wapi? Upande wa pili wa kilima njia hugawanyika mara nyingi, na huko hakuna aliyemlazia tawi.

Godelive alilia mpaka jua likageuka. Kisha akainuka, akateka maji kijitoni, akavuta kuni mbili kutoka juu, mbili tu, akawasha moto. Zilishika mara moja, kavu kabisa, bila moshi. Akapika maharage aliyokuja nayo. Walikula kidogo. Asubuhi, kabla ya kushuka, alikata kuni mbili mbichi akazirudishia mahali pake, akaifunika sufuria kwa sahani ya bati na jiwe juu yake, akaiweka sakafuni, palepale alipoiacha mara ya kwanza.

"Shemeki," Zacharie aliita kutoka mlangoni, "unasahau sufuria."

"Sisahau."

Siku ya Ijumaa jioni alifika Butembo. Mama Mariette alikuwa ameketi nje akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliitazama mikono ya mkwe wake, mitupu.

Godelive alipiga magoti mbele yake akamwambia kila kitu, tangu tawi la uongo mpaka kuni za mwisho, na hakujitetea. Alipomaliza, sombe yote ilikuwa imekwisha kuchambuliwa, na vidole vya mama vilikuwa bado vikitafuta majani mengine.

"Ulisema hatakuya," alisema hatimaye.

"Nilisema, mama. Unisamehe."

"Na mi nilikufuata." Akaitazama tena ile mikono mitupu. "Na sufuria yangu?"

"Nimeiacha kule. Mahali ilikuwa."

Mama Mariette alikuwa mke wa mfyekaji njia kabla hajawa mama wa mfyekaji njia. Sheria za kibanda hakuhitaji kufundishwa. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kesho asubuhi uende kwa padre," alisema. "Umwambie ile misa asomee bagonjwa." Akainua ungo wa sombe, akausimamisha tena magotini. "Umeiacha na kitu ndani?"

"Maharage."

"Umetia chumvi?"

"Nimetia, mama."

"Ni vizuri," alisema bibi kizee. "Kambere hapana penda maharage bila chumvi."